Upande wa Wageni

Timu iliuzwa Jumanne, mimi niko kwenye msumeno.
Nilizima mashine nisikie vizuri.
Vumbi la mbao lilikuwa bado linashuka
na Chavala, katibu, kashika kofia mkononi
kama mtu aliyefika msibani amechelewa.
"Misonobari inakwenda Kahama. Tajiri amelipa madeni."
Madeni yenyewe nayajua:
posho za miezi mitatu,
wali wa mama lishe,
na mipira miwili tuliyoazima sekondari.

Waliondoka alfajiri, ukungu mzito, basi limewasha taa zote.
Nyavu waling'oa.
Magoli waliyaacha,
kwa kuwa tuliyachonga wenyewe
na hayakuandikwa kwenye mkataba.

Nyenza akarudi Simba,
Luvanda akarudi Yanga,
kama watu walioachika, wana kwao pa kurudi.
Mimi sikuwa na kwetu kwingine.

Jumamosi napanda na redio juu ya rundo la magogo,
maana bondeni haishiki.
Mtangazaji kila akitaja Kahama
nameza kama kwinini, nasubiri majina.
Majina nayo yanapungua.
Msimu wa kwanza saba niliwajua. Wa pili, wanne.

Twilumba akanisema:
"Mke akiolewa kwingine, wewe bado unamnunulia vitenge?"
Nikamwambia, dada yako kaolewa Songea,
na hajaacha kuwa dada yako.
"Dada yangu hupiga simu," akasema,
akanisogezea mboga.

Vijana wa hapa wakaunda timu yao, Chipukizi, jezi za bluu.
Mpwa wangu Lutengano winga ya kushoto.
Nikachanga elfu tano.
Mfuko ulichanga. Moyo ulikataa kutoa hata senti.

Mwaka wa tatu, kombe likawaleta.
Kijana wa getini: "Mzee, unakaa upande gani?"
Wageni.
Akaniangalia kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Nikakaa upande wa wageni,
hatua mia nne kutoka kitandani kwangu,
mimi na mabegi yao
na sweta la kijani alilolifuma marehemu mama,
kwapa limetobolewa na nondo.
Nikaanza ule wimbo wetu wa zamani,
*Ipige baridi, pige,
msonobari kijani,*
sauti ikakatika katikati,
na hakuna aliyeipokea.
Hata wao, waliokuwa wakipasha misuli, waligeuka
kutazama nani anapiga kelele.

Mmoja tu alikuwa wetu, Mhomisoli, golini,
mvi zimeanza kwenye masikio.
Aliugonga mlingoti wa kulia mara mbili, kama zamani.
Ule mlingoti niliuranda mimi.
Alibisha hodi, na ndani yangu kuna mtu akaitika.

Dakika ya themanini Lutengano akafunga.
Mafinga nzima ikaruka.
Damu yangu ile, mtoto niliyemnunulia viatu vya kwanza!
Mikono ikataka kupiga makofi.
Nikaikalia.

Jioni, penye njia panda, basi lao likasimama karibu yangu.
Dereva akatoa kichwa:
"Mzee, samahani, barabara kubwa ni ipi?"
Kushoto ni kiwandani, na lile bweni walilolala miaka tisa,
paa limeingia kutu, mlango hauna kitasa.
Nilitamani, sitasema uongo, niwaelekeze huko,
ukungu uwafunike mpaka kesho.
Nikanyoosha mkono kulia.
"Nyoosheni tu. Mkiikuta lami, ndiyo hiyo."
Wakanishukuru. Mmoja akanipungia chupa ya maji.

Nyumbani Twilumba amebandika maji ya kuoga.
Kelele za ushindi zilikuwa zimefika hadi jikoni,
vijana wanapita na madebe,
lakini aliniuliza, mgongo umenielekea:
"Mmefanyaje?"
Nikavua sweta taratibu, lisizidi kuchanika.
"Tumefungwa," nikasema. "Moja."